Binti yangu wa P6 anaandikiana na mtu nisiyemjua. Nianzie wapi?

Mama wa Mpakani

Ndugu zangu, mficha uchi hazai. Naomba mnisaidie kabla mume wangu hajarudi.

Niko Busia, upande wa Uganda. Binti yangu ana miaka 12, yuko P6, yaani darasa la sita la msingi, anasoma kutwa. Baba yake ni dereva wa lori, sasa hivi yuko njia ya Juba. Muhula uliopita lilifunguliwa grupu la WhatsApp la darasa kwa ajili ya kazi za nyumbani, nikampa mtoto simu yangu ya zamani ili yangu ibaki dukani. Nilimpa kama anavyopewa kalamu, bila neno lolote.

Juzi usiku nimeichukua niichaji, nikakuta ujumbe: "Usimwambie mama, atakunyang'anya simu." Anayeandika anajiita dada wa S2, yaani kidato cha pili, kutoka Tororo. Nilikaa sakafuni nikasoma yote kuanzia mwanzo. Alianza kwa kumtumia karatasi za zamani za PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Akamsifia mwandiko. Akamtumia vocha ya shilingi 2,000. Kisha akaomba picha akiwa na sare, mtoto akatuma, na nembo ya shule inasomeka vizuri kifuani. Wiki hii ameomba picha ambayo siwezi kuiandika hapa. Hiyo mtoto hajatuma. Amejibu "naogopa", na yule mtu anamwambia, "Basi rudisha pesa yangu."

Mtoto hajui kuwa nimeona. Nataka kumchapa, nataka kuivunja simu, nataka kumpigia huyo mtu nimtukane. Dada yangu anasema nimhamishe shule. Nianzie wapi?

Mzee wa Malaba

Binti yangu, pole. Ila mimi nasema fimbo kwanza, maswali baadaye. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa miaka 12 kupokea vocha ya mtu asiyemjua na kunyamaza, hilo si jambo dogo. Simu ifungiwe kabatini mpaka amalize S4.

Mwalimu wa Mbale

Mzee wetu, heshima kwako, lakini hapa napingana nawe.

Mama, rudia ile sentensi uliyoikuta: "Usimwambie mama, atakunyang'anya simu." Hilo ndilo kufuli lake. Ukiinyang'anya simu kesho asubuhi na kumchapa, umemthibitishia mtoto kwamba yule mtu alisema kweli na kwamba anakujua wewe kuliko mwanao anavyokujua. Siku nyingine akipatwa na kubwa zaidi, atakwenda kwa nani?

Binti yako ameshakataa. Ameandika "naogopa" akiwa peke yake usiku, mbele ya mtu anayemdai pesa. Mtoto mwingine angetuma. Anzia hapo: mwambie hakukosa, hutamchapa, na unajivunia lile neno lake. Kisha nyamaza, umwache aseme.

Kuhusu shule, niseme ukweli kama mwalimu. Sisi tunapiga marufuku simu ndani ya ua, kisha tunajiona tumemaliza kazi, huku jioni tunatuma mazoezi kwa simu hizo hizo. Shule zilipofungwa, zote au baadhi ya madarasa, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022 tuliwasukumia watoto masomo ya mtandaoni, na hakuna aliyewafundisha nani yuko upande wa pili. WhatsApp na TikTok zenyewe zimeweka umri wa chini kuwa miaka 13. Mtoto wa P6 akiwamo humo, yumo chini ya dhamana ya mzazi wake.

Darasani kwangu nilichora ubaoni msichana mwenye sare, nikawauliza P6: mtu asiyekujua akiipata picha hii anajua nini? Mmoja akasema jina la shule. Mwingine akasema saa tunayotoka. Mvulana wa nyuma akasema, "Anajua anisubiri barabara gani." Dakika ishirini tu, na sikumtisha yeyote. Fanya hivyo na binti yako mkitazama picha aliyotuma, ila si siku hiyo ya kwanza.

Fundi wa Arua

Natengeneza simu, nitasema upande wangu.

Usifute kitu na usimtukane. Ukimtukana atafuta ujumbe wake na kutupa laini. Kwa simu yako piga picha za skrini ya mtoto: namba nzima, tarehe, ile ya vocha, ile ya kumdai. Lakini picha za mtoto mwenyewe usizisambaze, hata kwa dada yako. Kumzuia mtu huyo kufuate baada ya kuonyesha ushahidi polisi.

Kisha tazama aliingiaje. Bila shaka linki ya grupu ilizunguka. Mwenye grupu aifute atoe mpya, aweke kwamba anayeingia lazima akubaliwe, na ahakikishe kila namba ina jina la mzazi. Kwenye simu ya mtoto, ndani ya WhatsApp, nenda Mipangilio, Faragha, uweke kwamba picha yake na nafasi ya kumwingiza kwenye makundi ni kwa watu waliomo katika namba zake tu. Yule mtu aliona namba ya mwanao ndani ya grupu, akamwandikia pembeni. Ndiyo njia yao.

Wengi huniletea simu wakisema "funga mambo mabaya". Kwenye Android 9 na kuendelea naweka DNS ya faragha, yaani huduma inayoitafutia simu anwani za tovuti, ya family.cloudflare-dns.com, inazuia tovuti za ngono bila kulipia. Family Link, programu ya Google ya wazazi, nayo inakuonyesha programu anazopakua na kuifunga simu saa ya kulala. Nafanya hayo, ila namwambia mzazi wazi: hakuna kizuizi kinachomzuia mtu kuandika "habari mdogo wangu".

Na jambo la hapa kwetu. Watoto wamekua wakituona tukiwasha VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, kwanza Julai 2018 tukikwepa kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, kisha Januari 2021 serikali ilipofunga Facebook. Mtoto wa P5 anajua kuiwasha, na VPN huweza kuruka kizuizi nilichoweka. Tazama kama ipo kwenye simu yake. Usimlaumu ukiikuta, alijifunza kwetu.

Afande Mstaafu

Mama, usingoje mume. Nenda kituoni leo, uliza kitengo cha ulinzi wa watoto na familia. Kama unaona aibu au hutaki kwenda peke yako, piga 116 kwanza. Ni laini ya watoto, hailipishwi, watakusikiliza na kukuelekeza.

Sheria ipo. Ile ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011 inahesabu picha za ngono za watoto kuwa kosa, kuzitengeneza, kuzituma, hata kuwa nazo. Marekebisho ya 2022 yakaongeza katazo la kusambaza habari za mtoto bila ruhusa ya mzazi au mlezi. Laini husajiliwa kwa kitambulisho, kwa hiyo kuna pa kuanzia, ingawa nimeona nyingi zilizosajiliwa kwa jina la bibi kizee asiyejua lolote.

Nakukataza mambo mawili. Usimrudishie zile 2,000. Akilipwa mara moja ataongeza, kesho atadai 50,000. Na usimwekee mtego wa kukutana naye sokoni na vijana wa mtaa. Nimeona mitego hiyo ikiishia kwa mtu asiyehusika kupigwa mawe.

Kijana wa Jinja

Nimesoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika. Mimi nilikuwa huyo mtoto.

Nilikuwa nimemaliza PLE, nangoja S1. Nilikutana na "msichana" kwenye mchezo wa simu. Nilituma picha. Baada ya saa moja akaanza kudai. Nililipa kwa mobile money ya mama mara nne, usiku, nikifuta ujumbe kila mara. Mama alimfukuza msichana wa kazi akidhani ndiye mwizi. Nilimwangalia akifunga mizigo yake, nikanyamaza.

Sikumwambia baba kwa sababu alishasema akinikuta na upuuzi kwenye simu nitahama nyumba yake. Alisema kwa mapenzi, alitaka kunilinda. Mimi nilisikia kwamba mlango umefungwa.

Mzee wa Malaba, sikukosei adabu, lakini ile fimbo mtoto anaiona kabla haijainuliwa.

Kwa mzazi ambaye picha ya mwanawe imeshaondoka: kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, ya kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea. Picha haitoki kwenye simu yako. Inatengenezewa alama ya tarakimu, na mitandao iliyojiunga huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Ningeijua zamani ningelala.

Mama wa Mpakani

Asanteni. Nimerudi.

Jana jioni tulikuwa tunachambua maharagwe, macho yetu yote kwenye ungo. Nikamwambia nimeona, na kwamba sikuja kuchapa. Alilia mpaka maharagwe yakamwagika. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Ile 2,000 tutaitoa wapi?" Kumbe aliacha kununua chakula cha mchana shuleni siku tatu ili alipe. Kijana wa Jinja, hapo nilikukumbuka.

Kituoni nimepata afande wa kike aliyesoma yote bila kunihukumu. Amechukua namba, na amesema tusimjibu wala kumfuta mpaka atakaponipigia. Simu ya mtoto inalala chumbani kwangu, tumekubaliana naye.

Shule jibu la kwanza lilikuwa kwamba simu si mali ya shule. Nilirudi na mama wawili wengine, maana tumegundua huyo "dada" aliwaandikia binti zao pia. Grupu limefungwa, sasa anaandika mwalimu peke yake, na namba zilizomo ni za wazazi. Mwalimu wa Mbale, lile zoezi la ubaoni nimeliomba, mwalimu wa darasa amekubali kulifanya Jumatatu.

Limebaki moja. Baba yake anafika Jumamosi. Ni mtu mwema lakini hasira zake ni za haraka, na mtoto ananiuliza kila saa, "Utamwambia baba?" Nimfiche?

Mzee wa Malaba

Binti yangu, nimesoma maneno ya huyo kijana na sikulala vizuri. Nina wajukuu saba na simu ziko mikononi mwao.

Usimfiche mumeo. Niliendesha lori miaka mingi, najua ile njia. Asikute habari hii mlangoni akiwa na uchovu na vumbi. Akivuka Elegu, mpakani na Sudan Kusini, mpigie, mweleze yote, na umwambie mtoto alikataa. Kutoka Elegu mpaka Busia ana barabara ndefu ya kupoa. Kisha akifika Gulu mwambie apige tena, azungumze na mtoto yeye mwenyewe, aseme baba hajakasirika. Hata kama bado amekasirika, aseme.