Mrejesho: Braid, mchezo wa mafumbo niliouulizia

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza kama Braid, mchezo wa video wa Jonathan Blow uliotoka mwaka 2008, unastahili kununuliwa, kwani baadhi ya wachezaji waliusifu mno na wengine wakalalamika kuwa ni mfupi na maandishi yake hayaeleweki. Nimeununua, na tumeumaliza hapa Wete mimi na mpwa wangu, kila siku baada ya sala ya Isha.

Waliosifu mafumbo wamesema kweli tupu. Katika mchezo huu unaweza kurudisha wakati nyuma na kufuta ulichokifanya. Kuna ufunguo uliomo ndani ya shimo refu ambalo ukishatumbukia huwezi kupanda tena. Tulihangaika nao siku mbili, mpaka mpwa wangu alipogundua kuwa vitu vinavyong'aa kijani, kama ufunguo huo, haviathiriwi na kurudisha wakati nyuma, hivyo ukiuchukua kisha ukarudisha wakati, wewe unapanda juu nao ungali mkononi. Alipiga ukelele hata mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mchezo umegawanywa katika sehemu ziitwazo dunia, na dunia ya nne ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa sababu huko wakati hufuata nyayo zako: ukienda kulia unasonga mbele, ukienda kushoto unarudi nyuma, na adui uliyemuua anafufuka.

Kuhusu maandishi, nawaunga mkono waliolalamika, kwani ni mazito na hayasaidii kufumbua chochote. Ufupi haukunisumbua hata kidogo. Nakuombeni tu, msitazame majibu kabla ya kujaribu wenyewe. Ahsanteni sana kwa ushauri wenu.