Mita inasema ohm 19, hesabu inasema 21: hita yangu imekufa?

Mtafutajoto: Wakuu, heshima kwenu. Nina hita ya chumba, ile ya koili inayowaka nyekundu. Kibandiko kinasema 240V, 3000W. Nimepima volti nikapata 240, mkondo ampea 11.4. Nikagawanya, 240 ÷ 11.4, ikaja ohm 21. Nikazidisha, ikaja wati 2736. Lakini nikiichomoa na kupima koili yenyewe, mita inasoma ohm 19. Hizo ohm 2 zimetoka wapi? Na wati 260 na ushee zimeenda wapi? Joto lenyewe hafifu. Nafikiria kukata koili kidogo ili ukinzani upungue, ila sijui nikate kiasi gani. Hata usingizi siupati.

Mzee_wa_Soketi: Ongeza blanketi. Halina ohm.

Binti_Fizikia: Koili ikipata moto ukinzani hupanda. Taa ya zamani ya tangsteni ukiipima ikiwa baridi inasoma karibu sehemu moja ya kumi ya ukinzani wake ikiwa imewaka. Georg Ohm mwenyewe alisumbuliwa na betri za wakati wake zilizoyumba, akahamia kwenye chanzo cha metali mbili zenye tofauti ya joto, ndipo vipimo vikatulia. Kitabu chake kikatoka 1827.

Kimya_Kingi: Dada, tangsteni sawa, lakini koili za hita kwa kawaida ni nikromu. Hiyo hupanda asilimia chache tu. Kutoka 19 hadi 21 ni nyingi mno.

Gari_Bovu: Jamaa yangu alifupisha koili ya pasi. Ikawa kali kweli, siku ya kwanza tu ikamtoboa shati la harusi. Sasa hivi ile pasi inazuia mlango usijifunge.

Hakimu_wa_Uzi: Hii chai. Multimita nyingi za kawaida zinaishia ampea 10, huyu kapima 11.4. Na 240 kwa 240 inatoa 57,600, gawa kwa 3000 upate ohm 19.2 bila mkia. Ni mwanafunzi anatafuta wa kumfanyia zoezi.

Mtafutajoto: Mkuu, zoezi niliacha zamani. Nimetumia mita ya kubana.

Hakimu_wa_Uzi: Aha. Mita ya kubana ukiizungushia kebo nzima inasoma sifuri, maana mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana. Wewe ulibana wapi?

Mtafutajoto: Nilipasua ganda la nje la ekstensheni nikatoa waya mmoja pembeni. Umeridhika?

Kimya_Kingi: Ekstensheni ipi tena? Tangu juu hujaitaja. Ina urefu gani, unene gani? Na hizo volti 240 ulizipimia wapi, hita ikiwa imewashwa au imezimwa?

Mtafutajoto: Sikuona inahusu nini. Mita 40, imeandikwa 0.75mm². Iliyozidi nimeiviringisha chini ya zulia isimkwaze mtu. Volti nilipima ukutani kabla ya kuwasha. Waya ni mpya, haujakatika popote. Na hita nimeshaifungua, koleo iko mezani, kwa hiyo tuzungumzie koili.

Kimya_Kingi: Chomoa kwanza. Shaba ya 1mm² ina takriban ohm 0.0175 kwa mita. Kwako umeme unakwenda mita 40 na kurudi 40, jumla 80. 0.0175 × 80 ÷ 0.75 = ohm 1.87. Jumlisha 19.2 ya hita upate 21.07. 240 ÷ 21.07 = ampea 11.4. Ohm zako 2 zimelala chini ya zulia. Sasa zidisha mkondo kwa mkondo kwa ukinzani wa waya: wati 243 hivi, zote zinapasha waya uliokunjwa, usio na pa kupumulia. Unene huo hupewa ampea kama 6. Ukikata koili mkondo unapanda, na joto la waya linapanda kwa mraba wake.

Mtafutajoto: Mbona waya una uvuguvugu tu. Nikikata sentimita mbili je?

Mzee_wa_Soketi: Mpe tu, anataka kupasha nyumba nzima kwa mkupuo.

Hakimu_wa_Uzi: Bado nasema chai, hesabu imekaa sawa mno. Kama hita ipo, rudisha kifuniko, kunjua waya wote, washa dakika moja, pima volti kule mwisho wa ekstensheni. Na wewe Kimya usimtajie jibu.

Gari_Bovu: Mtihani wa vitendo huo 😂

Mtafutajoto: 218, inacheza hadi 219. Nimeshazima.

Hakimu_wa_Uzi: Haya, ipo.

Mtafutajoto: Nikiweka waya wa 2.5mm², urefu uleule?

Binti_Fizikia: Waya unakuwa na ohm 0.56, mkondo ampea 12.1, hita inapata wati 2830 hivi na waya unakula 80 na kidogo. Lakini kwa nini mita 40? Chumbani humo hakuna soketi?

Mtafutajoto: Ipo. Kabati limeiziba.