Mkate wa kumimina: hamira ya paketi, tembo au chachu ya mchele?

Binti Wete:
Assalaam alaykum. Mkate wangu wa kumimina unaumuka vizuri, vitundu vipo, hiliki inanukia, lakini hauna ule ugwadu mdogo wa mkate wa bibi yangu. Yeye alitumia tembo la mnazi. Mie natia kijiko kimoja cha chai cha hamira kwa vikombe 2 vya mchele wa Mbeya niliouroweka usiku. Nasaga na tui asubuhi, na saa moja baadaye nishauweka motoni. Nibaki na hamira, nitafute tembo, au nifuge chachu, ule unga na maji unaoachwa uchache wenyewe, kama wanavyofanya waokaji wa mikate ya ngano?

Mama Chila:
Waalaykumu ssalaam mwanangu. Hamira haina kosa, tatizo ni haraka. Ile ya paketi ni kuvu, na kazi yake kubwa ni kutia hewa. Ugwadu unaletwa na bakteria, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa yakawa mtindi, nao wanataka muda. Wewe kwa saa moja unga wako umeshafura, wao hata hawajaanza kazi. Tia robo ya hicho kijiko, uache saa 3 au 4, utaona tofauti. Hautafika kwa bibi yako, lakini utasogea.

Mgema wa Zamani:
Nimegema miaka mingi, naomba niseme la tembo. Karara, yaani ala ya maua ya mnazi, ukishalikata ncha kwa kotama, kisu cha mgema, maji yanayotona ni matamu kama sukari. Lakini kibuyu kina masalia ya jana, na hewani mna hamira ya asili, kwa hiyo ukiteremka nalo tayari linatoa povu. La asubuhi ndilo la mkate. Jioni limeshakuwa kali, na ukiliacha wazi siku kadhaa linageuka siki, kwa sababu bakteria wa siki hufanya kazi wakipata hewa. Niliwahi kumpelekea mke wangu tembo lililolala. Mkate ulikaa chini kama chapati na nyumba nzima ikanuka siki, tukawapa kuku. Kama huna mgema jirani, achana nalo.

Ummu Salim:
Kaka Mgema umesema kweli. Kwetu hatulitumii kabisa, maana likishachacha linalevya, na sitaki shaka kwenye futari. Dada, jaribu chachu.

Mwokaji wa Jang'ombe:
Mimi nafuga chachu ya ngano, lakini dada usiihamishe ilivyo kwenye kumimina. Ngano ina gluteni, ule mnato unaovutika na kushika hewa. Mchele hauna. Kinachoshika hewa kwenye kumimina ni uzito wa uji na ute wa yai, ndiyo maana ukiuacha ukapitiliza unabonyea hata kabla ya moto.

Tena maelekezo mengi ya chachu yameandikwa kwa nchi za baridi. Kwetu kwenye nyuzi 30, chachu niliyoilisha unga na maji sawa na uzito wake hupanda na kuanza kushuka ndani ya saa 4 au 5. Usiku naipa mara 5 ya uzito wake, ndipo inanisubiri mpaka alfajiri.

Kwa mchele fanya hivi: saga na maji kidogo tu, mzito kama uji wa mtoto. Chota vijiko 2, upike mpaka ushikane, ukipoa urudishe. Funika kwa kitambaa usiku kucha. Tui USITIE. Tui likilala kwenye joto hili linaharibika, na ile harufu haiondoki hata kwa hiliki.

Binti Wete:
Nimerudi! Nilisaga saa 3 usiku. Alfajiri nimefunua bakuli, juu pametanda vipovu vidogo vidogo, nikikaribisha sikio nasikia vinapasuka. Harufu kama ya mtindi mchanga. Nikatia tui zito, sukari, hiliki, ncha ya kijiko ya hamira na ute wa yai 1, nikangoja dakika 40. Sufuria nimeipaka samli, makaa machache chini, mengi juu ya bati.

Ugwadu umekuja! Mama alikula kipande cha kwanza amesimama. Ila katikati kumebaki kubichi kidogo.

Mama Chila:
Mashaallah! Ubichi huo ni tui, umetia jingi. Punguza robo kikombe. Na kabla hujaongeza tui, weka vijiko 3 vya huo unga kwenye kopo la friji. Ndiyo mbegu yako ya Ijumaa.

Ummu Salim:
Mchele wa mapembe utafaa, au lazima wa Mbeya?

Mwokaji wa Jang'ombe:
Utafaa, dada. Uroweke saa 8 na usage mara mbili, ukibaki na chenga mkate unakwaruza.