MREJESHO: Jino lililonitesa hapa Birmingham

Wakuu, ni yule niliyeuliza nitibiwe wapi jino hapa Uingereza wakati kila kliniki ya meno ya NHS (huduma ya afya ya serikali) inasema haipokei wagonjwa wapya. Asanteni sana. Aliyesema nipige 111, namba ya simu ya NHS ya ushauri wa afya, Mungu ambariki: waliniuliza kama uso umevimba, kama nameza mate vizuri, kesho yake nikapata nafasi ya dharura kwa pauni 27.40 (bei ya 2025). Wakasafisha, wakaziba kwa muda, usiku ule nililala. Matibabu ya mzizi (kusafisha na kuziba ndani ya mzizi wa jino) ndiyo yamegoma. Dharura haifiki huko, na kliniki binafsi bei zake zinauma kuliko jino lenyewe. Nimeomba kutibiwa na wanafunzi wa udaktari wa meno, kwao ni bure, nasubiri foleni. Dada uliyenishauri mafuta ya karafuu, yalituliza maumivu kidogo ila ulimi uliniungua!