Ndege ya kuunganisha mwenyewe nyumbani: Zenith, RV-12 au Kitfox? Kwa Dar ipi inafaa

Mkazi_wa_Goba:
Wakuu habari za jioni. Nyuma ya nyumba nina banda la bati lilikuwa la kuku, urefu kama mita tisa upana nne, nimeshalisafisha. Nataka niunganishe ndege ya watu wawili, zile unaletewa vipande kwenye makreti unafunga mwenyewe. Nimesoma mpaka macho yamechoka, zimebaki tatu, Zenith CH 750, RV-12 ya kampuni ya Van's na Kitfox. Naomba ushauri kwa mazingira yetu haya ya joto na unyevu, maana ukisoma ya Wamarekani wao shida yao ni gereji kuwa na baridi.

Chuma_Gerezani:
Mkuu hongera kwa wazimu huo. Mi kazi yangu bati na alumini so nitaongelea mwili tu. Zenith wanatumia alumini ya 6061-T6, Van's nyingi ni 2024-T3 iliyovikwa ngozi nyembamba ya alumini safi. Hiyo 2024 ina nguvu zaidi lakini kila ukitoboa tundu au kukata pembeni ngozi imeondoka, na kwa hewa ya chumvi ya huku kutu inaanzia hapo hapo, 6061 inavumilia zaidi. Goba sio Msasani sawa ila masika unyevu unatufikia wote. Ukichukua RV piga praima (rangi ya msingi) ya epoksi kila kipande kwa ndani kabla hujafunga, maana ukishafunga umefunga. Halafu riveti, Zenith ni pop riveti unasimama upande mmoja unavuta, RV ni za kugonga, mmoja ana bunduki ya upepo mwingine ndani kashika chuma, saa nne usiku majirani watakuitia mjumbe.

dada_rubani:
Kaka Chuma kwenye riveti umechanganya kidogo. RV-7, RV-9 na RV-14 ndo za kugonga, RV-12 karibu yote ni za kuvuta, na matundu yanakuja yameshatobolewa kiwandani. Mabawa yake yanachomolewa pini watu wawili mnayabeba. Na mwendo hazilingani kabisa, RV-12 inapita kilomita 200 kwa saa kiulaini, CH 750 iko kwenye 160 hivi. Ila Zenith inaruka na kutua kwenye kipande kifupi cha nyasi ambacho RV hata usijaribu. Kwahiyo swali ni unaenda wapi bwana, kama ni Mafia na Kilwa wikendi ni RV, kama ni viwanja vya vumbi huko bara ni Zenith.

Kingine, Van's waliingia kwenye ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai kwa kufilisika Desemba 2023 wakatoka 2024, na kabla ya hapo kulikuwa na sakata la vipande vilivyokatwa kwa leza vikawa vinapasuka kwenye matundu. Wapo wanaendelea na kazi ila ukikuta mtu anauza seti ya kipindi kile kwa bei ya kutupa uliza kwanza vipande vilikatwaje.

Pasi_na_Kitambaa:
Mbona Kitfox mmeiruka? Mabawa yanakunjwa kurudi nyuma, banda la mita nne linaikaa bila kufungua kitu, zile mbili nyingine mabawa yakishafungwa hazitoki humo mpaka uyatoe tena. Mwili ni mabomba ya chuma yanakuja yameshachomelewa, juu unavalisha kitambaa cha polyester unakivuta kwa pasi, kweli pasi, joto lake linapimwa. Tatizo ni jua, polyester inaliwa na jua usipopaka zile koti za rangi ya fedha zenye unga wa alumini, watu wanaruka hiyo hatua halafu wanashangaa. Na jamani asitokee mtu kumshauri ndege ya faiba inayogandishwa kwa epoksi, epoksi na unyevu wa Aprili haviivani, unapata utelezi kama mafuta juu yake, usipousafisha safu inayofuata haishiki.

mtaalam_wa_mabibo:
Injini hamjagusa. Zote tatu zinachukua Rotax 912. Ile ya nguvu farasi 100 inataka petroli ya oktani 95, ya 80 inaridhika na 90, kwahiyo jua pampu yako inauza nini kwanza. Avgas, petroli ya ndege, inakubali ila ina madini ya risasi, inaacha uchafu kwenye gia, oili unabadilisha mapema. Na injini mpya peke yake inapita dola 20,000 kabla meli haijaondoka, hapo bado bandari na ushuru, ukikosea kuandika makaratasi ya kreti utakaa nazo bandarini mpaka uchoke.

Na kabla hujaagiza hata skrubu nenda TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, pale Banana ukiwa na jina la ndege mkononi uulize wanataka waone nini na lini. Kazi nyingine ukishafunika hazionekani tena, piga picha kila hatua. Bila namba ya 5H, usajili wa ndege za Tanzania, hiyo ni pambo la uani.

Chuma_Gerezani:
Dada nimekubali, RV-12 naitoa kwenye kelele, kutu nabaki nayo 😂

mswahili_wa_chamazi:
Si uende Morogoro ukanunue iliyokamilika, Airplane Africa wanaunda Skyleader 600 pale pale, watu wawili, Rotax hiyo hiyo. Kuunganisha miaka yote hiyo ya nini?

dada_rubani:
Anataka kuunda kaka, angetaka kuruka tu angeshanunua.

Mkazi_wa_Goba:
Ndo hivyo hivyo dada. Asanteni sana wadau. Mimi ni mtu wa bara, kwetu Songea na viwanja vyetu ni vya vumbi, RV naiweka pembeni. Kitfox imenitamanisha ila hiyo pasi inanitisha. Zenith wanauza usukani wa mkia peke yake kama kipande cha kuanzia, nitaagiza huo kwanza, nikiushindwa nimepoteza kidogo. Chuma, kompresa ya lita 50 inatosha kwa riveti za kuvuta au nitafute kubwa?

Chuma_Gerezani:
Inatosha mkuu, ila weka kichujio cha maji kwenye mpira. Kwa unyevu huu kompresa inatema maji kama bomba.