Mrejesho: diski ya grainda kwa granaiti

Wakuu, niliuliza diski gani ya grainda inafaa kukata na kuchonga granaiti hapa Mwanza. Asanteni kwa majibu. Nimechukua ya almasi, inchi 4½, yenye mapengo ukingoni. Mapengo yanaipoza na kutoa unga. Napita juujuu, narudia, sikandamizi.

Aliyesema jiwe gumu linataka diski ambayo chuma kinachoshika almasi ni laini, nakubaliana naye kabisa: kinalika, almasi mpya zinatokeza. Ikianza kuteleza tu bila kukata, naipitisha kwenye tofali la saruji, makali yanarudi.

Kusawazisha natumia kikombe cha almasi (diski nene ya kusagia, ina umbo la kikombe), herufi namalizia kwa tindo. Vumbi lina silika, madini ya jiwe yanayoharibu mapafu, kwa hiyo barakoa ya kitambaa ni mapambo tu. Navaa yenye vichujio.

Mwenye diski ndogo ya kona za ndani aseme bei.