Ekseli ya nyuma ya Land Cruiser 80 kwenye pikapu ya 75: difu imekaa kulia, propela niipange vipi?

Mzigo_Keringet

Wakuu, habari za jioni. Nina Land Cruiser 75 pikapu, injini ya 1HZ, springi za majani mbele na nyuma. Kazi yake ni kuteremsha viazi na maziwa kutoka Keringet hadi Molo. Wanaozijua barabara za Kuresoi wakati wa masika hawahitaji maelezo: tope linafika kwenye habu, breki za drami za nyuma zinajaa, na kuteremka na mzigo kunakuwa kazi ya kumwomba Mungu. Ndiyo maana nimenunua ekseli nzima ya nyuma ya Land Cruiser 80, yenye breki za diski, kwa wauza spea za magari yaliyovunjwa hapa Nakuru. Boliti za rimu ni sita na nafasi ni ileile ya 139.7 mm, kwa hiyo rimu zangu zinaingia.

Shida ni difu (kasha la gia kwenye ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu). Ekseli yangu ya zamani ina difu katikati, hii ya 80 imesogea kulia. Tumeiweka chini ya gari juu ya jeki bila kuchomelea kitu. Nikadondosha timazi kutoka katikati ya flanji ya transifa (gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) na kutoka katikati ya flanji ya pinioni (shafti fupi inayoingia kwenye difu), nikatia alama za chaki sakafuni. Pinioni iko 100 mm kulia. Kutoka kros hadi kros (viungo vya ncha mbili za propela, shafti inayounganisha transifa na difu) ni 1,200 mm. Gari likiwa tupu, transifa iko juu ya pinioni kwa 180 mm, na shafti ya transifa imeinama kuelekea nyuma kwa digrii 3.

Fundi wa kwanza anasema ekseli ikazwe ikiwa imepinda kidogo ili pinioni iitazame transifa. Wa pili anataka nitafute propela ya dabo kadani, yaani yenye kros mbili pamoja kwenye ncha moja. Wa tatu anataka tukate mrija mrefu wa ekseli ili difu irudi katikati. Kila mmoja ana hakika na lake. Mimi nataka kuelewa kwanza, maana nikishachomelea sina pesa za kurudia.

Jaruo_wa_Hilux

Mzigo, salamu kutoka Kisumu. Mimi ningemsikiliza fundi wa pili. Hilux yangu niliiinua, propela ikaanza kunguruma kuanzia kilomita 60 kwa saa. Nikafunga dabo kadani upande wa transifa, nikatia kabari chini ya springi hadi pinioni ikaitazama transifa, na kelele ikaisha. Nimeenda nayo Kakamega na kurudi bila tatizo. Ni ghali kidogo lakini inamaliza maneno.

Fundi_Propela_Nakuru

Mzigo, umefanya vizuri kupima kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea. Kazi yangu ya kila siku ni propela, kwa hiyo niwie radhi nikirefusha.

Nianze na hoja ya kupindisha ekseli, kwa sababu hiyo ni ya hatari. Usikubali. Ekseli ya nyuma ikikaa mshazari gari nalo linatembea mshazari, matairi yanaliwa, na siku utakapokanyaga breki kwenye mteremko wa tope ukiwa na magunia, mkia unakimbilia upande. Na hata propela yenyewe hainufaiki. Sababu ni hii.

Kros moja ikifanya kazi kwa pembe haitoi mzunguko ulio sawa. Shafti ya transifa inazunguka kwa mwendo mmoja, lakini propela iliyo baada ya hiyo kros inaharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya digrii 10, ni kama asilimia 1.5 juu na 1.5 chini. Ndiyo inayotikisa kiti na kuua sili ya pinioni. Kros ya pili, ya upande wa difu, iko pale kufuta kosa la kwanza: moja inapoharakisha, nyingine inapunguza. Lakini inafuta kwa masharti. Pembe ya mbele ilingane na ya nyuma, na macho ya propela (uma zinazoshika kros) pande zote mbili yakae kwenye mstari mmoja. Mtu akiichomoa ile slaidi (sehemu yenye meno inayoteleza propela irefuke na kufupika) na kuirudisha imeruka meno, hata pembe nzuri hazitakusaidia, kwa hiyo piga alama ya rangi kabla hujaitenganisha.

Sasa, pembe zinalingana lini? Shafti ya transifa na pinioni zikiwa sambamba. Hazihitaji kutazamana. Hapo ndipo fundi wa kwanza amepotea. Difu yako imesogea 100 mm, lakini ekseli ikikaa mraba chini ya chasisi, pinioni bado inatazama mbele moja kwa moja, na transifa inatazama nyuma moja kwa moja. Ukiangalia kutoka juu, kros zote mbili zina pembe ileile ya upande, na zinafutana zenyewe bila wewe kufanya lolote. Ukiipinda ekseli ili pinioni iitazame transifa, umeondoa pembe ya nyuma na kuiacha ya mbele peke yake, bila wa kuifuta.

Na hapo hapo ndipo dabo kadani inapokataa kwako. Jaruo, yako ilinyamaza kwa sababu ukiangalia kutoka juu difu ya Hilux yako iko kwenye mstari mmoja na transifa, hukubadilisha ekseli. Dabo kadani inajifuta yenyewe kule mbele, kwa hiyo inataka kros ya nyuma iwe na pembe iliyo karibu na sifuri. Wewe uliweza kuipata kwa kabari, kwa sababu pembe yako ilikuwa ya juu na chini tu. Kabari inainua pua ya difu. Haiwezi kuigeuza kushoto. Mzigo akiifunga, atabaki na pembe yote ya upande kwenye kros ya pinioni, na hakuna kitu cha kuifuta. Atakuwa amelipa pesa nyingi kununua mtikisiko.

Tupige hesabu zako. Upande: 100 kwa 1,200 ni digrii 4.8. Juu na chini: 180 kwa 1,200 ni digrii 8.5, toa 3 za transifa, zinabaki 5.5. Hizi mbili hazijumlishwi hivi hivi. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeo cha pili. Unapata digrii 7.3. Hiyo ndiyo pembe ambayo kros itaifanyia kazi gari likiwa tupu.

Je, ni nyingi? Inategemea propela inazunguka kwa kasi gani. Majedwali ya Spicer, watengenezaji wa propela, yanaruhusu digrii 8 na dakika 40 (za pembe, 60 ni digrii moja) kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, digrii 7 kwa 2,500, na digrii 5 na dakika 50 kwa 3,000. Kama unatumia matairi ya 7.50R16 na difu ya uwiano wa 4.11, kwenye kilomita 80 kwa saa propela yako inazunguka kama mara 2,240. Hapo kikomo ni karibu digrii 7.9, kwa hiyo uko ndani, japo si kwa nafasi kubwa. Kwenye kilomita 100 unakaribia mizunguko 2,800 na umevuka. Kwa pikapu ya mzigo sioni sababu ya kufika huko.

Mzigo_Keringet

Asante sana fundi. Hii sasa naielewa. Maswali mawili. Gari hili halitembei tupu mara nyingi. Likibeba, springi zinashuka hadi ule mwachano wa 180 unakuwa kama 120. Nipime lipi? Na kama kupishana kunaleta pembe, mbona Toyota wenyewe waliweka difu kulia kwenye 80?

Fundi_Propela_Nakuru

La pili kwanza. Kwenye 80, shafti ya kutoka transifa kwenda nyuma nayo imesogea kulia, kwa hiyo kiwandani propela inakwenda karibu moja kwa moja. Land Rover 110 ni hivyo hivyo: difu zake mbili ziko kulia na transifa iko kulia. Wewe umechukua nusu ya mpango ule na kuuweka chini ya transifa iliyo katikati.

Kuhusu mzigo: 120 kwa 1,200 ni digrii 5.7, toa 3, zinabaki 2.7. Ukichanganya na zile 4.8 za upande unapata 5.5. Unaona ile ya upande haipungui? Springi zishuke zisishuke, 100 mm inabaki 100 mm. Lakini 5.5 ni pembe ya raha, kros zitaishi.

Pembe ya pinioni iweke gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Sambamba kamili ingekuwa pinioni imeinua pua digrii 3. Usiifikishe huko. Springi za majani zinajikunja ukivuta, na pua ya difu inapanda, hasa ukiwa gia ya kwanza kwenye mlima. Iweke digrii 1.5 au 2, ili ikipanda ifike kwenye 3 yenyewe. Weka pima maji yenye kuonyesha digrii kwenye uso wa flanji, propela ikiwa imetolewa. Usiipime kwenye kifuniko cha difu, kile hakina uso ulionyooka.

Kukata mrija ili difu irudi katikati kunawezekana, lakini utahitaji hafu shafti (shafti ya ndani ya mrija inayozungusha gurudumu) mpya ya urefu mwingine, na mtu wa kuikatia meno sawasawa. Kwa digrii 4.8, mimi singeigusa.

Jambo lingine, hakikisha difu hii ina uwiano mmoja na ya mbele kabla ya kufunga chochote. Zikitofautiana, siku ya kwanza utakayoweka fowili (magurudumu yote manne kuvuta) kwenye barabara kavu utavunja kitu.

Jaruo_wa_Hilux

Fundi, nimekubali. Sikuwa nimefikiria kwamba kabari haigeuzi upande. Mzigo, zile pesa za dabo kadani weka kwenye kros mpya mbili na kuibalansi propela.

Mzigo_Keringet

Nimehesabu mizunguko ya flanji, mbele na nyuma zinalingana. Kesho tunakata vishikio vya koili springi na kuweka viti vya springi za majani. Kuna la kuangalia wakati wa kuchomelea?

Fundi_Propela_Nakuru

Lipo, na kwako ni muhimu kuliko kwa mwingine. Mrija wa kushoto ni mrefu kwa sababu difu iko kulia, kwa hiyo joto litaupinda huo kwanza. Toa hafu shafti na sili, lakini difu iache ndani imekazwa ili nyumba isijikunje. Kwanza shika viti kwa nukta tu, rudisha gari kwenye uzito wake, pima pembe tena, pima pia kutoka katikati ya kila habu hadi pini ya mbele ya springi. Kushoto na kulia zilingane. Ndipo uchomelee, kipande kifupi, hamia upande wa pili, acha kipoe chenyewe. Usimwage maji. Waya wa ardhi wa mashine ubanwe kwenye mrija karibu na unapochomelea, usibanwe kwenye flanji ya pinioni, maana umeme utapita kwenye beringi na kuzichoma.